Herufi Iliyogeuka Kuku

Ko-ko-ko, kijiti kikikoroga rangi ndani ya kopo: mlio huo bado ninao masikioni. Leo nilipofungua kopo langu, harufu ya rangi ilinipanda puani, nikajiona tena mtaani Nyamirambo, mdogo, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namwangalia mjomba akichora ukuta wa mgahawa.

Aliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, nzuri ajabu: CHAKURA IKO TAYARI.

Mama mwenye mgahawa akatoka, akasoma, akashika kiuno. "Chakura ndiyo nini, fundi? Mtaa mzima utanicheka. Futa, ama utafute ukuta mwingine."

Mjomba akachungulia kopo. Rangi nyeupe ya kufutia ilikuwa imekwisha. Akabaki anajikuna kichwa, na mimi macho yangu yamenasa kwenye ile R. Ina kifua. Ina mguu.

"Mjomba," nikasema, "si ni kuku huyo?"

Akanitazama, akatazama ukuta. Basi brashi ikaanza kukimbia: mkia, mdomo, kilemba kichwani, mguu wa pili. Ikawa CHAKU, halafu kuku, halafu A.

Yule mama akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Eh, fundi wewe! Haya, njoo ule."

Wakaingia ndani. Nikabaki mimi na kuku, na kuku hakuwa na jicho. Nikachovya kidole kwenye kopo la rangi nyeusi, nikapanda juu ya ndoo, nikampa jicho.