Bomba Lisilo na Koki

Mama yangu aliitaka Roma kwa sababu moja. Dada yake mkubwa, ambaye huu ni mwaka wa pili yuko kitandani kule Zuzu, alimtuma akamwombee ndani ya kanisa kuu. "Si nje," mama mkubwa alisisitiza. "Ndani." Mimi nilikwenda kumsindikiza, na kwa kuwa nina ugonjwa wa kuwahi, nilijipa kazi ya kushika saa.

Kundi letu la mahujaji kutoka Dodoma lilipangiwa kuingia saa nne asubuhi. Ukichelewa, zamu yako imepita, na kesho yake tulikuwa tunarudi nyumbani. Saa tatu tulikuwa njiani kwa miguu, mama kavaa raba chini ya kitenge, analalamika kwamba mawe ya barabara zile yalipangwa na mtu asiye na miguu. Kwenye kona moja tukakuta bomba fupi la chuma linamwaga maji. Halina koki. Maji yanatoka, yanaingia shimoni, yanapotea.

Mama akasimama.

Utotoni, yeye na dada yake walikuwa wakienda korongoni alfajiri, wakafukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kata. Sheria ilikuwa moja: anayechota mwisho hufunika kisima kwa matawi ya miiba, ng'ombe wasikivuruge. Mama aliwahi kusahau, akiwa na miaka kama tisa. Dada yake akasema kosa ni lake mwenyewe, akachapwa yeye.

"Nani ameliacha wazi hivi?" mama aliniuliza.

"Ndivyo lilivyo, mama. Twende."

"Usiku na mchana?"

"Mama, wenzetu wanatuacha."

Akatafuta koki juu, pembeni, nyuma. Alipoikosa, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba bomba lile lina tundu dogo juu ya shingo, na ukiziba chini maji yanatokea huko kwa kasi. Yalinipata usoni na kifuani, shati langu la kanisani likalowa. Nilikasirika, nakiri. Akaja mzee mmoja na mbwa wake, akamnywesha mbwa, akatusalimia kwa lugha yao, akaenda zake.

"Naye hafuniki," mama akasema.

Kisha akarudisha mkono chini ya maji, akatulia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani analigombeza bomba. Nikamvuta mkono kwa nguvu ambayo mtoto hapaswi kumvutia mama yake.

Tulichelewa dakika ishirini. Mlangoni tulikataliwa, kwa upole lakini tulikataliwa. Mama akasali pale nje juani, na mimi sikumsemesha mpaka jioni. Asubuhi ya kuondoka alirudi bombani, akajaza chupa, akaiviringisha kwenye kanga ndani ya sanduku.

Tulipofika Zuzu, nilitaka nieleze mimi, niyapange maneno yasimuumize mgonjwa. Hata shikamoo yangu haijaitikiwa, mama akanitangulia.

"Dada, sikuingia ndani. Nilichelewa kwa sababu ya maji."

"Maji gani?"

Akamweleza yote: bomba halifungwi, watu wanapita tu, hakuna foleni, hakuna hata ndoo moja iliyowekewa zamu. Mama mkubwa alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye mabati.

"Na likiachwa wazi, hachapwi mtu?"

"Hachapwi mtu."

Mama akamnywesha maji ya chupa kwa kifuniko, mara tatu. Mama mkubwa akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Basi hapo ndipo ungeniombea."

"Ndipo nilipoanzia," mama akasema. "Huyu akanivuta."

Wote wawili wakanitazama, bila hasira. Nilisikia aibu. Nikaichukua chupa, nikaifunika.