Sikuzaliwa Kuwa Swichi

Karakana yetu iko Kanyakine, nyuma ya duka la mbolea, na kwa muda mrefu kazi yangu humo ilikuwa kusimama ukutani. Kaka yangu alikuwa amenunua mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Yeye alichora, mashine ikachonga, mimi nikashika swichi. Mota inayozungusha kisu, ambayo mafundi huiita spindo, haikuwa imeunganishwa na kompyuta. Kaka akisema "Washa," nawasha. Akisema "Zima," nazima. Nikichelewa kuwasha, kisu hushuka kwenye mbao bila kuzunguka na kuvunjika, na lawama ni zangu.

Siku moja nilimwomba anifundishe kuchora.

"Na swichi itashikwa na nani?" akauliza, wala hakugeuka.

Swali hilo lilinikaa rohoni. Nikaamua kwamba swichi itajishika yenyewe, na mimi nitaketi kwenye kile kiti chake cha mbele ya kompyuta.

Fundi wa kuchomelea wa kibanda cha jirani alicheka aliposikia. "Dada, mashine ikijizima, wewe si utarudi kuchuma majani chai?"

"Nikichuma nitachuma," nikamjibu. "Lakini hapa ukutani sikai."

Nilichohitaji ni relei. Kama hujawahi kuiona usiogope, ni kitu rahisi. Kompyuta haina nguvu ya kuendesha mota. Inaweza tu kutoa umeme kidogo wa kuashiria. Relei hupokea ishara hiyo upande mmoja, na upande wa pili ikafungulia umeme mkubwa upite. Nilichagua ya kielektroniki, isiyo na kichuma kinachogonga ndani, maana kwetu vumbi la mbao za mti wa mukima huingia kila mahali. Nikaifunga katikati ya mota na kile kisanduku kinachoilisha umeme.

Nikatuma amri kutoka kwenye kompyuta. Spindo ikazunguka! Nikatuma amri ya kuzima. Kitaa cha relei kikazimika, lakini spindo ikaendelea kuvuma kama hakuna aliyesema neno. Nikatuma tena. Wapi.

"Imekukataa, hiyo," jirani akapaza sauti kutoka mlangoni.

Kaka akachomoa plagi. "Rudi pale ukutani tumalize mlango wa watu."

Nikarudi. Nikashika swichi mpaka mlango ukaisha, lakini relei sikuitupa. Kaka alipotoka kwenda kula, niliiunganisha tena na kuchunguza polepole. Iliwaka kwa amri, ikagoma kuzima. Nikachomoa plagi, kisu kikasimama. Nikairudisha plagi, na spindo ikabaki kimya. Kumbe relei iliweza kuachilia, ilimradi umeme ukatike kwanza.

Nikaitazama kwa karibu. Kando ya skrubu za umeme mkubwa palikuwa na alama ndogo ya wimbi, ile tuliyochora sana shuleni kwenye somo la fizikia.

Hapo nikaelewa. Stima ya ukutani hupanda na kushuka kama wimbi, na katikati ya kupanda na kushuka kuna nukta ambapo hakuna umeme kabisa. Relei ya aina hii huachilia kwenye nukta hiyo. Lakini umeme unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwa mota umenyooka, haupumui. Relei ikishaushika, haipati nafasi ya kuuachilia. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imewekwa pasipo pake.

Nikachomoa plagi, nikaihamishia upande wa stima ya ukutani, kwenye waya wa moto, ule unaoleta umeme, kabla ya kisanduku. Kwa kuwa hupata joto, niliifunga kwa skrubu juu ya kitako cha sufuria kuukuu ya alumini. Kaka alirudi akanikuta nimeketi kwenye kiti chake.

"Tena?"

"Tena."

Nikatuma amri. Ikawaka. Nikatuma ya pili. Kitaa kikazimika, na spindo bado inazunguka.

"Haizimi!" Kaka akaruka kuelekea ukutani.

"Ngoja."

"Nakwambia haizimi!"

"Kaka, toa mkono. Kisanduku kimebaki na umeme kidogo. Acha kiumalize."

Mkono wake ukabaki hewani. Mvumo ukashuka, ukawa mnong'ono, na kisu kikasimama. Nikamwambia jambo moja ambalo nakuambia na wewe: relei ikizima, usiiamini kwa vidole vyako. Chomoa plagi kabla ya kugusa kisu.

Akauliza, "Sasa pale ukutani utafanya nini?"

"Hakuna. Vuta kiti kingine, unionyeshe kuchora."

Alinung'unika, lakini alivuta. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa jani la mgomba la kupamba kichwa cha kitanda. Lilipinda vibaya. Jirani akachungulia juu ya bega langu.

"Hilo ni jani ama sikio la ng'ombe?"

"Ni langu," nikasema, nikabonyeza kitufe cha kuanza.

Spindo ikajiwasha. Nilitazama ukutani mara moja tu. Hapakuwa na mtu.