Baba Ameshaaga Kijiji, na Sisi Marubani Tunagoma

Admin, nifichie jina, ingawa najua ni kazi bure. Kisiwa chetu hiki cha Mafia, mtu akipiga chafya Kilindoni, Utende wanamwitikia yarhamukallah. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, rubani wa ndege ndogo zinazokwenda visiwani. Sasa mtoto wa kike wa Ndagoni anayerusha ndege, mnadhani tupo wangapi? Basi, wanijue.

Mkataba wetu wa kazi umekwisha na kampuni haitaki kusaini mpya. Tunachodai ni kupumzika tu. Tunarushwa alfajiri mpaka magharibi, kesho tena. Kuna siku mimi na kapteni wangu tulisinzia wote wawili angani, huku abiria nyuma wanapiga picha bahari. Nilishtuka, nikamwamsha. Ndiyo maana kwenye kikao nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikasema bila mkataba hairuki ndege hata moja. Wenzangu wakaniunga mkono. Mazungumzo yamevunjika, na mgomo unaanza Jumanne.

Jumanne hiyo hiyo baba yangu alikuwa asafiri kwenda Dar, apasuliwe uvimbe kwenye uti wa mgongo. Kukaa hawezi, boti ndiyo kabisa. Ndege inayokubali kung'oa viti ikamlaza mgonjwa ni ya kampuni yetu tu. Daktari alisema wazi kwamba nafasi hii ikipita, miguu hairudi tena, na huenda tukampoteza.

Bosi akaniita. "Rusha ndege ya Mafia tu, binti. Mara moja tu, na mzee tunamlaza." Anajua anachokifanya, Mungu anamwona. Nikamweleza kapteni wangu. Akasema, "Dada, mzee wako ni mzee wangu. Lakini ikiruka moja watatangaza hakuna mgomo, na sisi turudi kulala angani."

Nikaja nyumbani nimwambie baba kwamba Jumanne tunagoma. Nimemkuta kalazwa barazani, majirani wanapishana kuagana naye na kuombana radhi, kama desturi ya msafiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nishawambia hawa, mie sichukuliwi na mgeni. Nachukuliwa na mwanangu." Akaniombea dua mbele yao wote. Nikaitikia amin, na lile lililonileta sikulisema. Mpaka naandika hapa hajui kitu.

Nikigoma, nimemzika baba kwa mkono wangu. Nikiruka, nimewauza wenzangu niliowatia moyo mwenyewe, na siku rubani aliyechoka akiangusha ndege nitajua damu ile iko shingoni mwa nani. Nimelia mpaka nimechoka, sioni pa kutokea.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nisubiri wakubwa warudi mezani. Baba yangu ameshaaga kijiji kizima.