Jalada la Karatasi ya Saruji

Kuanzia mwaka 2016, kazi yangu Johannesburg ilikuwa kusafisha picha za zamani. Nilipowaambia hivyo watu wa nyumbani Tanga, walidhani nafuta vumbi kwenye fremu. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya vitabu iliyokuwa Fordsburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mwenye kampuni alikuwa mzee mzaliwa wa Durban, mtoto wa Waingereza, ambaye utotoni mwake alikuwa akiletewa kwa meli majarida ya hadithi za picha kutoka Uingereza. Alipoacha uwakili aliamua kuzitoa upya hadithi zile: vitabu vikubwa, karatasi nzito, jalada la kitambaa, nakala chache tu, kila moja na namba yake. Wanunuzi wake walikuwa wazee wenzake, watu waliotaka kuushika tena utoto wao ukiwa safi kuliko ulivyokuwa.

Tulikuwa watatu pale. Mwenye kampuni alitafuta vibali na majarida yenyewe. Mimi niliyapiga skani, kisha nikakaa kwenye kompyuta kufuta madoa ya chai na kutu za pini, ukurasa kwa ukurasa. Dada mmoja wa Bukavu alishona vitabu na kuvijalidi kwa mikono. Yeye ndiye aliyekuwa fundi hasa, ingawa mgeni akiingia ofisini alinyoosha mkono kunisalimia mimi kwanza.

Kitabu chetu cha tatu kilikuwa hadithi ya nyambizi iliyonasa chini ya barafu. Mchoraji wake alikuwa bingwa wa kuchora maji. Kila jarida, kurasa mbili za katikati zilikuwa picha moja kubwa ya rangi, bahari ya kijani ikitoka ukingo hadi ukingo. Lakini tulikosa matoleo kumi na mawili. Mwenye kampuni aliandika barua kote, akajibiwa kwamba hayapo.

Asubuhi moja nilikuwa nikishusha karatasi zilizoharibika kwenda kuzitupa. Mlinzi wa jengo letu, baba mtu mzima kutoka Lubumbashi, akaokota moja. Akaitazama, akaweka kidole juu ya baharia mmoja.

"Huyu anakufa wiki inayofuata," akasema.

Nilicheka, nikadhani mzaha. Hakucheka. Akanieleza jinsi baharia yule anavyokufa, nani anachukua saa yake, na barafu inavyopasuka. Hayo yote yalikuwa ndani ya yale matoleo tuliyoyakosa.

"Papa, umeyaona wapi haya?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa namna ya kwao.

"Niko nayo nyumbani."

Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya mhandisi Mwingereza, upande wa migodi ya Zambia. Wana wa mhandisi walipomaliza kusoma majarida yao waliyatupa, na yule mtumishi akayaokota. Akayashona kwa uzi wa gunia yakawa vitabu viwili, akavivika majalada ya karatasi za mifuko ya saruji. Watoto wake wote walijifunzia humo kusoma Kiingereza. Mlinzi wetu alivuka navyo mipaka yote hadi Johannesburg.

Akavileta siku ya pili, vimefungwa kwenye kitenge. Sijui niseme nini juu ya vitabu vile ila kwamba vilinuka moshi na kurasa zake zilikuwa nzima. Alifungua jalada la cha kwanza akanionyesha upande wa ndani. Baba yake alikuwa ameandika kwa penseli, upande mmoja maneno ya Kiingereza na Kiswahili chake, upande wa pili watoto wake, kila mmoja na siku aliyozaliwa.

"Papa yangu njo alizishonaka," akasema. "Miaka yote hii uzi haujakatika. Utanilindia?"

"Papa, hata uzi mmoja sitaugusa."

Nilisema hivyo mwenyewe, kwa ulimi wangu, mkono kifuani. Hakuna aliyenilazimisha.

Tatizo nililiona siku ileile. Yule baba wa mlinzi hakuwa fundi. Alitoboa matundu mbali na kunjo la karatasi, kwa hiyo katikati ya kila picha kubwa palimezwa na mshono. Ukikifungua kitabu hadi mgongo wake ukalia, bado upana wa kidole ulikuwa umefichika. Na katika picha nzuri kuliko zote, ile ambayo nahodha anatazama juu kwenye barafu, uso wa nahodha ulikuwa umeangukia palepale. Tulikuwa na sikio na nusu ya taya.

Nikamwambia mwenye kampuni. Alivua miwani.

"Mimi nataka picha nzima," akasema. "Ongea na mlinzi wako."

Ningeweza kuongea naye. Alikuwa ngazi mbili chini yangu, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Ningemwambia, papa, nimeahidi jambo ambalo kazi hainiruhusu, unasemaje? Labda angekubali. Labda angekataa, na hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu nilikwisha kuuona uso wa nahodha kichwani mwangu na niliutaka. Nilitaka pia kusifiwa. Nikapita mbele yake siku tatu nikimwamkia tu.

Ijumaa, saa ya sala, maduka ya chini yakafungwa na dada akatoka kwenda kula. Wenzangu wa Tanga na Unguja walinipigia simu wako msikitini, nikasema nina homa. Nikachukua kisu cha kujalidia nikakata uzi. Ulikuwa mgumu, ilinibidi kukata mara mbili mbili. Kurasa zilitoka vizuri. Majalada hayakutoka vizuri. Karatasi ile ya saruji ilikuwa imekauka, na nilipovuta mabaki ya uzi ikavunjika vipande vipande kama chapati ya jana. Nilisimama nayo mkononi. Naweza kusema sikufikiri, lakini nilifikiri. Nilifikiri kwamba sisi tunachapa picha, na hii si picha. Nikaikusanya kwa brashi nikaitia kwenye pipa la taka, na Jumatatu gari la taka likapita. Nilipiga skani kila ukurasa wa vitabu vile, hata wenye tangazo la baiskeli. Upande ule wa jalada ulioandikwa kwa penseli sikuupiga.

Dada aliporudi akaona kurasa zimetawanyika mezani.

"Ulimuuliza papa?"

"Nilimuuliza."

"Akakubali?"

"Amesema tumfanyie jalada jipya, zuri."

Akanisadiki. Alikaa na kurasa zile wiki nzima. Alitia viraka vya karatasi nyembamba ya Kijapani kila palipochanika, akashona kwa uzi wa kitani uliotiwa nta, akavivika kitambaa cha buluu tulichowawekea wanunuzi wakubwa. Jumamosi alikuja kazini bila kuitwa. Wakati wote alikuwa akiimba nyimbo za kwao. Aliniambia kwamba baba yake mwenyewe hakumwachia hata picha, kwa hiyo vitu vya baba wa mtu vinamgusa.

Mlinzi alipopanda kuvichukua, ni dada aliyetangulia kumpokea. Walikuwa wakisali kanisa moja, ukumbi wa kukodi kule Troyeville, na alikuwa na furaha.

"Papa, tazama," akasema, akamwekea vitabu mikononi.

Mlinzi alikigeuza cha kwanza, akafungua jalada, akakuta karatasi nyeupe safi. Akafungua mwishoni. Akafungua cha pili.

"Iko wapi ile ya papa yangu?"

Dada akanigeukia, bado anatabasamu, akingoja nijibu. Na mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika, "Papa, utusamehe. Dada alipokuwa anashona upya, jalada lilikuwa limeoza. Likamvunjikia."

Tabasamu la dada halikutoka mara moja. Lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa pale. Nilimngoja aseme "si mimi". Hakusema. Mzee akamtazama yeye, si mimi, akamsemesha kwa Kiswahili chao, polepole.

"Mwana wa mama yangu, we mutu wa kwetu. Hawa hawajui. We ulishindwaje kuchunga?"

Akavifunga vitabu kwenye kitenge akashuka ngazi.

Nilipobaki na dada nilijaribu kuomba radhi, lakini hata radhi yenyewe niliipinda. Nilisema nilishikwa na hofu, nitamweleza mlinzi taratibu. Alikuwa akipanga sindano zake.

"Kwa nini hukukataa?" nikamuuliza, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Weye uko na kibali cha kazi," akasema. "Miye niko na karatasi ya ukimbizi, kila mara naenda kupiga foleni waniongeze miezi. Tukianza kugombana hapa, bosi atamfukuza nani?"

Kwa mlinzi sikwenda, si kesho yake wala kesho kutwa. Mwezi ule kampuni yake ya ulinzi ikamhamishia Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na nikaona aibu kidogo jinsi nilivyofurahi.

Kitabu kikatoka. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema vingine. Nahodha alitazama juu uso wake ukiwa mzima, na wazee wa Uingereza waliandika barua kumsifu aliyeisafisha picha ile. Mwenye kampuni alizisoma kwa sauti. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na jina langu na jina la mlinzi, na tulimpelekea nakala yake kwa posta. Haikurudi, wala hakuna neno lililorudi. Dada alijalidi nakala zote bila kuimba.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojua mengine. Nilimuuliza dada, kwa kupitisha mazungumzo tu, kama kwaya ya kanisa lao bado inafanya mazoezi Jumamosi. Akasema hasali tena pale. Mlinzi alikuwa ameacha kuitikia salamu zake, na watu walipouliza sababu, aliwaeleza habari ya jalada. Akina mama wakaanza kusema huyu ndiye aliyetupa maandishi ya mkono wa marehemu kwenye taka. Akahamia viti vya nyuma, kisha akaacha. Siku hizi alikuwa akipanda teksi mbili kila Jumapili kwenda kanisa la watu asiowajua. Alinieleza hayo huku anakata uzi, bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza njia imefungwa wapi.

Nilikwenda Turffontein Jumapili ile. Nilimkuta mlinzi kwenye geti la maegesho, amevaa koti kubwa kuliko yeye, baridi ya Julai imemtoa machozi. Akanijua. Nikamwambia yote nimesimama, kuanzia simu ya Ijumaa hadi brashi na pipa. Gari likaja, akanyanyua kizuizi, likapita, akarudi, nikaendelea.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Uliisoma?"

"Nini, papa?"

"Maandishi yake. Siku nilikuonyesha. Dada yangu wa mwisho alikufa mudogo, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa pale tu. Unaikumbuka?"

Mimi ninakumbuka namba. Ni sehemu ya kazi yangu. Nilijua kwa moyo namba za kurasa zenye madoa. Nikajaribu. Nikafunga macho kabisa pale getini. Hakukuwa na kitu.

"Hapana, papa."

Akatikisa kichwa. Niliposema "nisamehe" aliinua mkono, si kwa hasira.

"Yule mama wa kushona anajua umekuja huku?"

"Hajui."

"Basi umekosa njia. Anza kwake. Mi pia nitaenda, kwa mdomo wangu nilimuharibia jina."

Alikwenda kweli. Dada aliniambia mzee alifika kwake na mkate na sukari, akakaa sana, akalia. Mimi nilipomwendea, dada alikuwa na sharti moja tu.

"Walisikia habari yangu vibaya mu kanisa," akasema. "Wasikie vizuri mulemule."

Kwa hiyo Jumapili moja mimi, Mwislamu wa Tanga, nilisimama mbele ya ukumbi wa Troyeville nimeshika maikrofoni. Mchungaji alinitambulisha kama ndugu mwenye neno. Dada alikaa safu ya pili, amevaa kitenge kipya. Nikaeleza habari ya vitabu, uzi na jalada. Nilieleza haraka. Watu wakasema "Amina" mahali nisipotarajia, wengine wakamgeukia dada na kumshika bega. Niliposhuka nilidhani yamekwisha.

Dada alinikuta nje, kwenye lami, watu wakiagana.

"Umesema 'tulikosea'," akasema.

"Nini?"

"Pale mbele. 'Tulikosea, tulikata uzi, tulitupa jalada.' Mara zote. Miye nilikosa nini?"

Nilitaka kubisha. Nikayarudia maneno yangu kichwani, na yalikuwa vilevile alivyoyasema. Hata pale, na maikrofoni mkononi, nilikuwa nimemvuta karibu yangu ili nisisimame peke yangu.

Nikarudi ndani. Viti vilikuwa vinapangwa kimoja juu ya kingine, maikrofoni imeshazimwa, waliobaki hawakuzidi saba. Nikawaomba wanisikilize kidogo. Nikasema nilikata mimi, nilitupa mimi, nilimsingizia dada huyu mimi, na yeye hakugusa chochote ila kutengeneza. Mchungaji alikuwa akiviringisha waya, akaacha.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia aliegemea ufagio wake.

"Sawa," akasema. "Tumesikia. Na wale walioenda, nani atawaambia?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Akasema nije tena wiki ijayo, na nije mapema, kabla ya nyimbo.