Shaka Mbili za Uwanja wa Miburani

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani hata sasa ambapo nasahau nilikoweka bakora yangu. Ilikuwa Ijumaa. Tumetoka msikitini hapa Miburani kisiwani kwetu, watu wanatafuta viatu vyao, mara Bwana Nassor akasimama mlangoni akasema anataka kuwapa vijana shamba.

Wewe uwanja wetu unaujua ulivyo leo, una majukwaa ya zege, taa ndefu, nyasi za kutandikwa kama busati na vyumba vya wachezaji vyenye maji ya bomba. Unadhani ulianza na saruji. Haukuanza na saruji. Ulianza na shaka, tena shaka mbili, moja nzuri na moja mbaya, na mimi zote mbili zilinipitia.

Bwana Nassor alikuwa mwenye shamba. Babu zake walitoka Omani wakaoa hapa, na minazi yote kutoka barabarani mpaka bondeni ilikuwa yake. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa mtu wa kutoa. Nazi yake ikianguka njiani mbele yako, ulitazama kushoto na kulia kabla ya kuinama. Sasa mtu huyo ndiye anayesema, "Vijana wanacheza mpira barabarani, siku moja watagongwa na lori. Lile shamba la kando ya njia, kateni minazi mfanye kiwanja."

Watu wakamwambia Mungu amlipe. Kisha wakatawanyika wawili wawili, na kila wawili walikuwa na lao. Minazi ile ilikuwa inazaa, na nani anayekata mnazi unaozaa? Wengine walisema serikali inataka kulichukua shamba, kwa hiyo anatoa kisichokuwa chake tena. Wengine walisema anatafuta wa kumfyekea bure, shamba likiwa jeupe atauza. Wako pia waliosema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mle ndani kuna jambo limezikwa na linataka damu ya kijana. Ukiona zinduna, ambari iko nyuma, ndivyo tulivyofundishwa, kwamba kila kinachoonekana kina kingine nyuma yake. Hata mimi, niliyekuwa kipa wa timu na niliyeutamani uwanja kuliko chakula, sikuipenda ile zawadi.

Shangazi yangu Bi Mosi ndiye aliyenilea. Baba yake alikwea minazi ya ukoo wa Bwana Nassor mpaka mgongo ukapinda, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kushuku, alikuwa yeye. Nilimpelekea habari nikidhani atasema tuachane nayo. Alinisikiliza, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Nifuate."

Tukaenda mchana kweupe, watu wakituona, mpaka nyumbani kwa Bwana Nassor. Mkewe akatukaribisha barazani. Mimi nikaamkia, "Shikamoo," Bwana Nassor akaitika, "Marahaba." Kahawa ikaletwa. Shangazi hakuigusa.

"Bwana Nassor," akasema, "nimekuja kukuuliza jambo, na nakuuliza mbele ya mkeo ili lisigeuzwe. Unataka nini kwa watoto wetu?"

Niliona aibu, nikatazama sakafu.

"Nimewapa kiwanja, Bi Mosi."

"Hilo nimelisikia. Nauliza unachotaka."

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema ndugu zake walioko Dar es Salaam wamepata wageni wa kulinunua shamba lile, na wanamsukuma auze. Yeye hataki. Akiwaambia hataki, watamshinda, maana wao ni wengi. Lakini wakikuta vijana wa Miburani wanacheza mle kila jioni, nani atathubutu kuwafukuza?

"Kwa hiyo watoto wetu ni ua wa shamba lako," Shangazi akasema.

"Ndiyo," akajibu. "Sikupata ua mwingine."

Nilidhani Shangazi atasimama aondoke. Badala yake alichukua kikombe cha kahawa akanywa.

"Basi kama ni hivyo, sema hadharani," akamwambia. "Likiwa lako moyoni na letu mdomoni, siku ukifa watatufukuza. Lifanye wakfu. Liwe la watu wote, lisiuzwe, lisirithiwe, asipewe mtu. Hapo utakuwa umewashinda ndugu zako, na sisi hatutakuwa ua wa mtu."

Ijumaa iliyofuata Bwana Nassor alisimama tena palepale mlangoni mwa msikiti, akalisema hilo neno mbele ya imamu, wazee na sisi vijana. Akaeleza na sababu yake, hakuficha. Hiyo ndiyo shaka ya kwanza, mwanangu. Ilikuwa ya kweli, mzee alikuwa na lake. Na kwa kuwa iliulizwa usoni kwake, ilituletea ardhi.

Tukaingia kukata minazi. Fundi mmoja wa mashua kutoka Jibondo akatuchongea milingoti ya magoli, wanawake wakatushonea nyavu kutoka kwenye majarife ya wavuvi yaliyochakaa. Katika kazi ile ya kukata, kibanzi cha mnazi kiliruka kutoka kwenye shoka kikanipiga jicho la kushoto. Nilinawa maji, nikasema si kitu.

Sikusema si kitu kwa sababu haliumi. Liliuma sana. Lakini wale waliosema shamba linataka damu walikuwa bado wako, wanatutazama kutoka barabarani. Wangejua tu kwamba limemjeruhi kijana, uwanja ungekufa siku hiyohiyo, wakfu au si wakfu. Kwa hiyo nikafunga mdomo, na mwanga wa jicho ukawa unapungua kidogo kidogo kama taa inayoishiwa mafuta. Hata Shangazi sikumwambia.

Mechi ya kwanza tulicheza na timu ya kijiji cha Kanga. Walikuja na lori, ngoma juu, na Miburani nzima ilisimama kuzunguka kiwanja. Mpaka karibu na mwisho tulikuwa hatujafungana. Kisha winga wao akapiga mpira kutoka kushoto kwangu, mpira laini, ambao mtoto angeudaka kwa mkono mmoja. Niliuona ulipokwisha kunipita, uko wavuni.

Sasa sikiliza. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Kanga. Alifariki nikiwa mdogo, lakini wajomba walikuwa kulekule, na baada ya mechi mjomba mmoja alinikumbatia mbele ya watu. Basi ikatosha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, wakasema. Na hili likaja mbio. Issa, yaani mimi, ameuza mechi. Damu nzito kuliko maji. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa namna nyingine. Nikifika mazoezini, mazungumzo yalibadilika yakawa ya hali ya hewa. Nikisalimu, wanaitika wakitazama kando. Tukinywa maji, kata inanifikia ikiwa tupu. Makame, nahodha wetu, rafiki yangu wa kula sahani moja, akaanza kupita njia nyingine kwenda kwao ili asipite mlangoni kwetu.

Ningeweza kujitetea kwa neno moja: sioni. Lakini neno hilo lingeua uwanja. Nikikaa kimya, mimi ndiye msaliti. Usiombe, mwanangu, kuwekwa mahali ambapo ukweli wako na heri ya wenzako vimekaa pande mbili za mizani. Nami nikaanza kuwashuku wao. Kila kicheko nilidhani ni changu. Nikamshuku hata Shangazi, kwamba amesikia na ameamini.

Naye kweli alikuwa amesikia. Jioni moja alikuja uwanjani, mwanamke mzima katikati ya vijana waliovua mashati, akasimama mbele ya Makame. Mimi nilikuwa nimeketi peke yangu nyuma ya goli.

"Makame, mimi nilimshuku Bwana Nassor kuliko ninyi nyote," akasema. "Ukoo wake ulimmaliza baba yangu. Lakini nilikwenda kwake nikamuuliza kwa mdomo wangu huu. Nasikia ninyi mnamshuku Issa. Nani kati yenu amemuuliza?"

Wakatazama miguu yao.

"Basi hamna shaka ninyi. Mna hukumu." Akageuka akaenda zake.

Makame alinijia polepole, akakaa mchangani kando yangu.

"Issa, ulituuza?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa muda mrefu, hata liliponifikia halikuniudhi. Lilinipumzisha.

"Funika jicho langu la kulia kwa kiganja chako," nikamwambia. "Kisha niulize umeinua vidole vingapi."

Aliinua. Sikuweza kumwambia. Nilimsikia analia kabla sijamwona.

Habari ikafika kwa watu, na ni kweli, wale wa barabarani walisema, tuliwaambia shamba linataka damu. Shangazi akawajibu kwamba shoka hurusha vibanzi hata kwenye shamba la imamu, na atakayeona uwanja una jambo aje achimbe mchana watu wakimtazama. Hakuna aliyekuja. Uwanja haukufa. Nilichokiogopa peke yangu gizani, kilipotolewa juani hakikuwa na nguvu kama nilivyodhani.

Bwana Nassor mwenyewe alinipeleka Dar es Salaam hospitali. Daktari alikuwa mpole. Alilitazama jicho, akaniuliza liliumia lini, nikamwambia. Akasema, "Ungeletwa mapema, tungeliokoa."

Mwanangu, maneno hayo nimeyabeba umri mzima. Wangeniuliza siku ya kwanza waliponishuku, ningekuwa na macho mawili.

Sikudaka tena. Nilifanywa mtunza kiwanja, nikafyeka, nikajaza mashimo, nikafukuza mbuzi. Bwana Nassor alipofariki, mpwa wake alikuja na wageni, akasimama katikati ya uwanja akionyesha kwa mkono hapa mpaka pale. Wazee waliomsikia marehemu Ijumaa ile wakatoka mmoja mmoja wakasema walichosikia. Wageni wakaondoka. Na miaka mingi baadaye, ilipotafutwa ardhi isiyo na ugomvi ya kujengea uwanja wa kisasa, kisiwa kizima kilijua iko wapi. Ndipo yakaja hayo majukwaa na hizo taa.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nilipita kwenye kibanda cha chipsi nikakusikia unawaambia wenzako kwamba kipa wenu amehongwa. Sauti yako ilikuwa ya chini, na ulitazama nyuma kabla ya kusema. Mimi si mjinga wa kukuambia usishuku. Dunia hii ina wajanja, na uwanja mkubwa huvuta mikono mirefu. Anayekupa kitu bila kuombwa, mwangalie. Anayekusifu bila sababu, mwangalie zaidi. Lakini shaka ni deni la swali. Ukiipata, ipeleke kwa mwenyewe, mchana, mtazame machoni, umuulize kwa adabu. Akiwa na hatia, utakuwa umemshika. Akiwa na maumivu, utakuwa umemwahi. Na kama huna ushujaa wa kumuuliza mtu jambo, usiwe na ushujaa wa kulisimulia kwa wengine.

Nenda sasa, kijana yule yuko kwao. Mungu akupe ulimi mnyoofu na moyo usioogopa jibu. Akujaalie marafiki wanaokuuliza kabla ya kukuhukumu, na wewe uwe mmoja wao. Amina.