Chanja ya Faiba

Mama yangu aliishi Liuli, na kitu alichojivunia kuliko hata sisi wanawe ni usipa wake, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Ukiwatafuna, hukuti chembe ya mchanga. Wanawake wa Ukata waliposhuka ziwani kutafuta samaki wa kuuza huko milimani, walimpitia yeye kwanza. Usipa hao aliwaanika juu ya chanja ya matete. Kila masika matete yalioza, naye akaanza upya huku mgongo ukimuuma.

Mimi ni seremala Mbinga mjini, tena mwenye kiburi cha ufundi. Boti la faiba lililopasuka lilikuwa limetelekezwa ufukweni Liuli. Nikamwomba mwenyewe, akasema nichukue tu, linamzibia njia. Nikalikata kwa msumeno, nikamuundia mama chanja mbili zisizooza. Kwa jinsi nilivyoujua usafi wake, rangi ile ya zamani niliiona uchafu mtupu. Nikaikwangua yote kwa msasa, pamoja na tabaka gumu la juu, mpaka faiba yenyewe ikabaki wazi. Mikono iliniwasha siku tatu. Nilidhani ni vumbi.

Mama alipitisha kiganja juu ya chanja moja. "Mwanangu, mbona inawasha?"

"Itaacha ikishapigwa jua, mama. Hii hata wajukuu zako wataanikia."

Akacheka, akaipokea. Angekataaje kitu alichotengenezewa na mwanawe?

Faiba ni nyuzi za kioo. Nilikuwa nimeondoa kile kilichozifunika, na jua likamalizia. Zikawa zinakatika kidogo kidogo na kunata kwenye samaki. Baada ya miezi michache, mteja wake wa miaka mingi alirudi kutoka Ukata na gunia zima. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsalimia mama.

"Shikamoo mama. Usipa wako wanachoma koo. Mwanangu ametema damu."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe sana." Hakugeuka kunitazama. "Hizi chanja nilizitaka mwenyewe. Uzee huu, macho hayaoni vizuri."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale. Nilinyamaza. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama aliwafukia usipa wote, akarudia matete. Wateja waliendelea kumwamkia kwa heshima, kisha wakanunua kwa jirani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, akalila mama peke yake. Alikuwa akiketi kando ya samaki wake safi mpaka jioni, akifukuza kunguru.

Siku tuliyomzika, yule mteja wa Ukata alikuja. Alinishika mkono kwa upole.

"Pole sana, kaka. Mama yako alikuwa mtu safi. Ni uzee tu ulimharibia kazi."

Watu walikuwa wakisikiliza.

"Ndiyo, dada," nikamjibu. "Ni uzee."