Siku Bi Mahbuba Aliposema "Alikuwa"

Mtaani kwao Sfax, bibi harusi aliyeolewa bila kupigwa picha na Radhia alihesabiwa kama aliyeolewa kimyakimya. Kazi aliirithi kwa baba yake, na mdomo pia. "Bwana harusi, tabasamu, hujafiwa!" atapaza sauti, watu wakiangua kicheko, naye papo hapo keshabonyeza. Lakini akienda kumtazama mama yake, Bi Mahbuba, kamera aliiacha garini.

Nyumbani kwa mama hapakuwa na picha hata moja ya Lasaad, kitinda mimba. Miaka minane nyuma, familia yote ikiwa likizoni katika nyumba ya babu kwenye kisiwa cha Kerkena, Lasaad aliondoka na wenzake alfajiri kwa boti kuelekea Italia. Kuchoma, ndivyo wasemavyo kwao, kuchoma mpaka. Hakupiga simu. Wala hapakuletwa maiti. Bi Mahbuba alizikusanya picha zake zote akazifungia kabatini.

"Picha za ukutani ni za wafu," alisema. "Mwanangu yuko safarini."

Tangu hapo kisiwa hakikutajwa mbele yake, na likizo ya kiangazi ikafa. Aliyethubutu kumpa pole aliulizwa kwa ukali, "Pole ya nini?" Watu wakajifunza kunyamaza.

Radhia alibaki na picha moja. Lasaad ameketi ukingoni mwa kisima cha babu, suruali kaikunja magotini, anauma tikiti maji, maji yake yanamtiririka kidevuni. Anamcheka dada yake, ambaye sekunde ile alikuwa amemkaripia kwa kula tikiti la wageni. Picha hiyo Radhia hakuwahi kumwonyesha mtu.

Mwaka huu binti yake, Ines, aliyekuwa akisoma Tunis, alimwambia kuna maonyesho makubwa ya sanaa na zinatafutwa picha za maisha ya watu wa pwani. Radhia akapeleka maharusi wake, akapeleka na picha za likizo za kisiwani. Mwisho akaiongeza ile ya Lasaad. Ruhusa ya mama yake hakuiomba. Alikuwa amechoka kumbeba ndugu yake peke yake.

Siku ya ufunguzi, kule Tunis, ukumbi ulifurika watu. Mumewe, Monsif, suti ikimkaba, alisimama mbele ya rundo la viti vya plastiki vilivyofungwa kamba.

"Hii nayo sanaa? Basi mkahawa wa mtaani kwetu una hazina, na hatujui."

"Punguza sauti, we mwanamume," Radhia alimnong'oneza. "Msanii mwenyewe huyo nyuma yako."

Alikuwa bado anacheka alipomwona Ines akiingia, uso umemng'aa, amemshika mkono bibi yake aliyejitanda shuka jeupe la hariri.

"Mama, nimekuletea mgeni! Nimempokea stesheni sasa hivi."

Masikini Ines, hakujua kuwa picha ya Lasaad nayo imo ukutani. Radhia akawakimbilia mlangoni.

"Mama! Karibu, njoo kwanza unywe chai."

"Chai nimeiacha Sfax. Nionyeshe kazi yako."

Bi Mahbuba alipita taratibu mbele ya maharusi, akiwatambua. "Huyu wa kwa Slimane. Huyu alilia mpaka wanja ukamwagika." Fahari ilimjaa usoni. Halafu akafika kwenye kisima.

Alisimama tu, shuka likamteleza begani asijue. Radhia alikaa nyuma yake akingoja matusi, akingoja kofi hata, mtu mzima na umri wake. Hakikuja kitu. Watu wakaendelea kupita. Msichana mmoja mwenye miwani akasimama karibu na bibi, akaitazama picha, akatabasamu.

"Anacheka vizuri huyu. Unamjua, mama?"

"Alikuwa mwanangu."

Neno lilimtoka lenyewe. Bi Mahbuba akajiziba mdomo, lakini lilikwishasemwa, naye alikuwa wa kwanza kulisikia. Miaka yote ile Lasaad yuko, anakuja, anachelewa, leo alikuwa. Yule msichana alielewa. Akamwokotea shuka, akamfunika bega.

"Mungu akupe subira, mama."

Radhia alifumba macho, akingoja lile swali la ukali.

"Amina," akajibu Bi Mahbuba.

Msichana alipoondoka, Radhia alisogea. "Nisamehe, mama. Naitoa sasa hivi."

"Iache." Sauti ilikuwa kavu. Alikuwa akikisoma kibao kidogo chini ya picha. "Wameandika 'Kijana, Kerkena'. Kijana gani? Hana jina? Andika jina lake, na la baba yake."

Radhia akaomba kalamu kwa mlinzi, akaandika. Mama alimsimamia kama mwalimu hadi herufi ya mwisho. Kisha akasema, "Nipeleke kisiwani."

Wakaenda wote wanne. Mlango wa nyumba ya babu ulikuwa umevimba kwa chumvi, ukakataa kufunguka. Monsif aliupiga bega mara kadhaa, akakaa chini anahema.

"Nyumba hii hainipendi tangu siku nilipokuja kuposa."

"Haikukosea," mkwewe akamjibu, akapita kwenye mwanya uliopatikana, ufagio mkononi.

Jioni Bi Mahbuba alibisha kwa jirani, Bi Naima. Hawakuwa wameonana tangu kiangazi kile. "Njooni kesho," alisema. "Tunamsomea Lasaad hitima."

Bi Naima alimshika mikono yote miwili. "Tulikuwa tunakungoja wewe, Mahbuba. Tungemliliaje kabla yako?"

Kesho yake ua ulijaa. Wanaume walisoma Kurani chini ya mzabibu; wanawake walipika kuskusi ya pweza jikoni. Hapo jikoni, kijiko mkononi, Bi Mahbuba alilia. Si machozi ya msiba wa zamani. Alilia kilio cha siku ya kwanza, kilio cha sauti, wanawake wakamzunguka wakamshika asianguke. Radhia alilia naye, kichwa kakilaza mgongoni kwa mama yake, na Ines, ambaye mjomba wake aliondoka yeye akiwa bado mtoto, alilia kwa kuwaona wao.

Baada ya chakula hadithi zikaanza. Bi Naima akasimulia siku Lasaad alipowafungulia mbuzi wa imamu, halafu akajitolea kuwatafuta ili apewe zawadi. "Na alipewa!" mtu akadakia. Vicheko vikachanganyika na kamasi. Bi Mahbuba alisikiliza kila moja, na iliyokosewa akaisahihisha.

Wakakaa wiki nzima, kama watu walio likizoni. Ines aliogelea. Monsif aliungua jua mgongoni, mkwewe akampaka mtindi huku akimsema. Siku ya kurudi, Radhia alikuta mizigo yote mlangoni isipokuwa mmoja.

"Wako uko wapi, mama?"

"Ninyi nendeni, mna kazi zenu. Mimi nina tini za kuanika."

Radhia alitaka kubisha, akatazama uso wa mama yake, akaacha. Alimbusu kichwani, akaondoka kwenda kuwahi kivuko. Bi Mahbuba alirudi Sfax Ramadhani ilipokaribia, mweusi kwa jua, na vikapu vya tini alivyomgawia kila jirani mtaani.